Kutembea porini kwa miguu katikati ya safari ndefu: mambo ya kuzingatia kabla

Wengi wakijiandaa kwenda kuwaona wanyama kwa miguu huanza na viatu na kofia. Mimi ningeanza na kalenda. Kwa msafiri anayepita nchi mbili tatu, kinachoharibu matembezi mara nyingi si simba. Ni basi lililoharibika njiani, foleni ya mpakani, au mafua yaliyoanza juzi. Kibali cha kuwaona gorila wa Bwindi, Uganda, kwa mfano, hutolewa kwa tarehe maalumu na upande maalumu wa msitu, na familia moja ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku. Ukifika kesho yake, siku yako imeshapita. Kwa hiyo fika jirani na hifadhi siku moja nzima kabla, hata kama siku hiyo utaimaliza umelala.

Na siku ya matembezi yenyewe usiipangie safari nyingine. Gorila wanaweza kupatikana baada ya nusu saa ya kutembea, na wanaweza kupatikana alasiri, mlima wa tatu ukiwa umeshakutoa jasho. Aliyekata tiketi ya basi la jioni hutembea akiangalia saa, na anayeangalia saa porini hajikwai tu, humkosa hata mnyama aliye mbele yake.

Jambo la pili ni kujua unakwenda kutembea wapi, maana hifadhi nyingi haziruhusu mtu kushuka kwenye gari popote anapotaka. Hell's Gate nchini Kenya ni ya aina yake: unaweza kuingia kwa miguu au kwa baiskeli na kupita katikati ya pundamilia na twiga, huku nyati nao wakiwapo. Hifadhi ya Arusha huruhusu matembezi, lakini ukiwa na askari mwenye bunduki. Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, huwafuati sokwe mtu kwa gari. Unapanda nao msitu kwa miguu yako. Luangwa Kusini nchini Zambia ndiko matembezi ya siku kadhaa, kutoka kambi hadi kambi, yalikokomaa tangu zamani. Kila mahali pana masharti yake. Kabla ya kulipa, uliza nani atatangulia, kama ana silaha, kundi litakuwa na watu wangapi, na umri wa chini ni upi. Kwa gorila ni miaka 15. Ukijibiwa kwa mkato au kwa mzaha, tafuta mwingine wa kukupeleka.

Majira nayo yapime. Kiangazi nyasi hufupika na maji hupungua, wanyama hukusanyika mitoni na unawaona wakiwa bado mbali. Luangwa hali hiyo huwa takribani Juni hadi Oktoba. Mvua zikishanyesha nyasi hufika kifuani, na nyati aliyelala ndani yake humwoni mpaka ainuke.

Halafu rekebisha matarajio yako, jambo ambalo wauza safari hawalisemi kwa sauti. Kwa miguu utaona wanyama wachache zaidi na kwa umbali mkubwa zaidi kuliko kwa gari. Mnyama aliyezoea magari hulitazama gari kama kitu kisichomhusu, lakini binadamu aliyesimama wima anamfahamu vizuri, na ama atakimbia ama atakuonya. Kama unachotaka ni picha ya simba akipiga miayo, ipige ukiwa garini, kisha ndiyo uje kutembea. Cha miguu ni kingine: nyayo za fisi zilizokanyagwa juu ya nyayo za jana, kinyesi cha tembo ambacho bado kina joto, gome la mti lililochunwa, ndege wala kupe wanaoruka ghafla kichakani na kukuambia kuwa chini yao kuna nyati. Darubini ya 8×42 (inayokuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha, na afadhali kila mtu awe na yake. Kuazimana darubini kwenye mstari wa watu sita ni chanzo cha minong'ono, na minong'ono inafika mbali.

Lakini kinachofika mbali kuliko minong'ono ni harufu, na hapa ndipo maandalizi yanapolipa. Waongozaji wengi hubeba kifuko cha majivu au huokota vumbi na kulidondosha kila baada ya muda kuangalia upepo unakoelekea. Wanataka upepo utoke kwa mnyama uje kwenu. Tembo haoni mbali sana, ila akishapata harufu yako mazungumzo yameisha. Manukato, mafuta ya nywele yenye harufu kali na sabuni ya maua viache siku hiyo. Nguo ziwe za rangi ya udongo, nyasi kavu au majani. Nyeupe huonekana kutoka mbali, na bluu iliyokolea na nyeusi huwavuta mbung'o, ambao kuumwa nao kunauma na katika baadhi ya maeneo wanaeneza malale. Viatu viwe vimeshazoea mguu kabla hujaondoka nyumbani. Maji beba mwenyewe, lita mbili angalau, na kwenye joto kali zidisha.

Ishara za mikono mkubaliane mapema: simama, chuchumaa, rudi nyuma taratibu. Mnatembea kwa mstari mmoja ili kundi lionekane kitu kimoja na mwongozaji ajue kila mtu yuko wapi bila kugeuka geuka. Simu izimwe sauti. Ukitaka kuchimba dawa, sema kwanza, aende mtu kukagua kichaka. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko kumkuta mwenye kichaka.

Kuhusu wanyama wenye hatari, kariri mambo machache na mengine umwachie anayetangulia. Simba usimkimbie kamwe, kwa sababu kukimbia ndiko kunakomwamsha mwindaji aliye ndani yake; simama, mtazame, rudi nyuma polepole pamoja na wenzako. Kiboko usijiweke kati yake na maji, hasa alfajiri anaporudi kutoka malishoni. Nyati dume mzee aliyejitenga na kundi ni wa kuogopwa kuliko kundi lenyewe. Tembo mwenye ndama mpishe mapema, kabla hajaanza kutanua masikio. Na yote haya hayana maana kama mwongozaji akisema "simama" nawe ukapiga hatua moja zaidi kwa ajili ya picha.

Kwa gorila na sokwe mtu hatari inageuka upande: wewe ndiye hatari kwao. Magonjwa ya njia ya hewa ya binadamu huwapata na huweza kuwaua. Ndiyo maana muda wa kukaa nao ni saa moja tu, barakoa huvaliwa, na kwa gorila wa milimani umbali unaotakiwa sasa ni mita 10. Mwenye homa au kikohozi haendi. Hapa ndipo safari ndefu inapokuponza: siku mbili za basi lililojaa zinatosha kukuachia mafua siku ya kibali. Vaa barakoa ndani ya basi pia, siku chache kabla. Watu watakutazama, wazoee tu.

Nyoka huwatisha watu kupita kiasi, ila kifutu anastahili heshima, kwa kuwa hakimbii. Hulala palepale njiani akitegemea rangi yake. Viatu vinavyofunika kifundo, suruali ndefu, na kutazama unapokanyaga vinakusaidia zaidi ya dawa yoyote ya kienyeji. Mtu akiumwa, mguu usikatwe wembe wala kufungwa kamba ya kukaza. Mtulizeni, mguu usichezeshwe, awahishwe hospitali. Kabla ya kuondoka kambini ujue hospitali hiyo iko wapi na bima yako inalipa usafiri wa dharura kwa ndege au la. Bima nyingine hazihesabu kutembea kati ya wanyama wakubwa kuwa utalii wa kawaida, kwa hiyo soma masharti yote.

Jioni ya matembezi jikague kupe: kwapani, nyuma ya magoti, kiunoni. Homa ya kupe huweza kujitokeza wiki moja baadaye, na malaria huchukua angalau siku saba tangu kuumwa na mbu, wakati mwingine miezi. Maana yake ni kwamba homa ya pori la kwanza utaiugulia kwenye kituo cha tatu, mbele ya daktari asiyejua umetoka wapi. Mwambie bila kuulizwa. Dawa za kinga ya malaria nazo haziishii unapotoka porini: doxycycline huendelea wiki nne baada ya kutoka kwenye eneo lenye malaria, atovaquone-proguanil siku saba.

Kabla ya kuhama kwenda hifadhi nyingine, osha viatu na ung'oe mbegu zilizonasa kwenye soksi na kamba, usiwe wewe wa kuzipeleka zisikokuwa. Unyoya, jino, kipande cha pembe au gamba la kobe uliloliokota, liache. Sheria za hifadhi zinakataza, na mkataba wa CITES, unaofanya kazi tangu 1975, unadhibiti kuvusha mpakani viungo vya spishi nyingi, hata kama hukumgusa mnyama mwenyewe.

Mipaka ina mambo yake. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa asubuhi ya kuondoka hakusaidii. Viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki inahusu Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Ya KAZA, eneo la hifadhi za pamoja la Kavango-Zambezi kusini mwa Afrika, ni ya Zambia na Zimbabwe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, kwa hiyo nguo zenye tope zifunge kwenye mfuko wa kitambaa.

Ndege ndogo za kwenda porini kwa kawaida hukubali kilo 15 kwenye begi laini, lisilo na fremu wala magurudumu. Begi kubwa itabidi uliache mahali, na mahali hapo pawe njiani mwako. Kuna watu huacha mizigo Arusha wakati safari yao itatokea Kigoma.