Jioni za Mtu wa Kazi Unguja: Pa Kula na Pa Kukaa, Hatua kwa Hatua

Mimi ni fundi wa majokofu kutoka Mombasa. Mara tatu au nne kwa mwaka navuka kwenda Unguja kufunga na kutengeneza mashine za barafu mahotelini, siku nne au tano kila safari. Kazi huisha saa kumi. Kuanzia hapo hadi usingizi una saa nyingi za peke yako katika nchi ya wenyewe, na mwanzoni saa hizo zilinishinda. Nilikuwa nanunua chipsi kuku, najifungia chumbani na runinga, kisha narudi kwetu bila kujua jina la mtaa hata mmoja.

Siku hizi nachagua sehemu mbili au tatu tu, na kila jioni narudi pale pale. Nawaandikia wenzangu mnaotumwa Unguja kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Lala karibu na chakula

Kama kazi iko mjini, tafuta chumba Mji Mkongwe: Shangani, Malindi, Vuga. Fukwe za Nungwi zinapendeza, lakini kutoka mjini ni karibu kilomita 60, na ukishalala huko utakula hapo hapo kwa bei ya watalii. Lipia chumba na chai ya asubuhi basi. Ukilipia na chakula cha jioni, kila siku utajiambia umeshalipa, na hutatoka.

Hatua ya 2: Noti ndogo na neno "naomba"

Badilisha pesa mapema, uombe noti za 1,000 na 2,000. Muuza kahawa hana chenji ya 10,000. Sufuri zisikutishe: mimi hugawanya bei kwa 20, napata makadirio ya shilingi ya Kenya.

Halafu ulimi. Sisi tumezoea kufika dukani na kusema "nipe maji". Unguja, salamu kwanza, shikamoo kwa aliyekuzidi umri, kisha "naomba maji". Nimeona bei, kiti na hata kipande cha samaki vikibadilika kwa sababu ya neno hilo moja. Vaa suruali ndefu utokapo, mabega yafunikwe, mwanamke kadhalika.

Hatua ya 3: Mlo mzito uwe wa mchana

Wenyeji wanaofanya kazi mjini hula wali wao mchana, nawe fanya hivyo. Mkunazini kuna Lukmaan, ambako sufuria zimepangwa mbele yako: biriani, pilau, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, ndizi. Unaonyesha, unapakuliwa. Passing Show, mkahawa mwingine upande wa bandarini, nako hujaa wafanyakazi. Wahi kabla ya saa saba na nusu. Ijumaa usipange lolote adhuhuri, maana maduka mengi hufungwa watu waende msikitini.

Hatua ya 4: Forodhani, lakini kwa utaratibu

Bustani ya Forodhani iko mbele ya Ngome Kongwe na Jumba la Ajabu, lile la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Fika kabla yake. Nunua juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, ukae ukutani uwatazame vijana wanavyojirusha baharini. Usile bado. Zunguka meza zote mara moja, mikono mfukoni.

Hapa nasema kama fundi wa baridi. Meza za samaki zinavutia: kamba, ngisi, pweza, vyote vimepangwa vizuri chini ya taa. Lakini chakula kikikaa kati ya nyuzi joto 5 na 60, vijidudu huzaliana haraka, na jioni ya Unguja iko katikati kabisa ya joto hilo. Muulize muuzaji samaki ametoka wapi saa hii. Akikuonyesha kasha lenye barafu, kula. Kama kila kitu kilichomwa mapema na sasa kinapashwa tu, mpite kwa adabu. Bei nayo uliza kwa mshikaki mmoja, kabla sahani haijajaa. Mwaka wangu wa kwanza nilimwachia muuzaji mmoja anichagulie, nikalipa pesa ya milo mitatu.

Kitu ninachokiamini zaidi ni kile kinachopikwa macho yako yakiona. Zanzibar pizza ni hivyo: unga unatandazwa mwembamba, unajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, unakunjwa na kukaangwa kwenye chuma. Kinatoka kinafuka.

Na urojo. Huu usiondoke bila kuunywa, na wala si lazima uunywe Forodhani. Mitaani mara nyingi huwa mtamu zaidi. Ni mchuzi wa njano wenye ukali wa embe au ndimu, ndani yake viazi, bajia, kachori, mishikaki, juu yake chatini ya nazi na chipsi nyembamba za muhogo. Mwombe aweke pilipili pembeni, kisha ujiongezee mwenyewe. Bakuli moja linatosha kuwa chakula cha usiku.

Hatua ya 5: Kahawa, mahali pamoja, kila usiku

Baada ya Isha nenda Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, au baraza yoyote iliyo karibu na chumba chako yenye dele (birika) la kahawa. Kahawa ni chungu, kikombe kidogo, na kashata pembeni. Usiku wa kwanza salimia, kunywa, sikiliza, ondoka. Siasa usiianzishe, hasa Jaws Corner, kwani pale ndiyo mazungumzo yao ya kila siku na yana historia ndefu usiyoijua. Usiku wa pili utasogezewa nafasi kwenye baraza. Wa tatu mimi niliulizwa, "Sheikh, ile mashine imepona?" Nilikuwa sijamwambia mtu pale kazi yangu, ila kijana mmoja wa hotelini.

Mabaraza haya ni ya wanaume zaidi. Mwenzangu wa kike hunywa kahawa yake Forodhani, ambako familia nzima hukaa.

Hapo barazani ndipo pa kuulizia taarabu. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu 1905, na Culture Musical Club hufanya mazoezi usiku. Wazee watakuambia ni siku gani. Ukiguswa na wimbo, inuka umtunze mwimbaji noti, urudi ukae.

Ramadhani

Mchana usile wala kunywa hadharani, hata maji. Watu wamewahi kukamatwa kwa hilo. Ukialikwa futari, nenda, na ubebe tende.

Hatua ya 6: Siku ya kuondoka

Pitia soko la Darajani asubuhi kwa mdalasini, iliki na mchaichai. Mkate wa ajemi ununue mwisho kabisa, uufunge kwa karatasi, si kwa plastiki, usije ukalainika. Na usiku wa mwisho mwambie muuza kahawa utarudi mwezi gani.