Jinsi ya kwenda kuona kizimba cha wachimbaji Easington Colliery (na usianzie kwenye kizimba)

Hii ni kwa mlioko Newcastle, Sunderland, Durham na maeneo hayo ya kaskazini mashariki mwa Uingereza, mnaotafuta pa kwenda Jumamosi bila kutoboa mfuko. Kizimba ni ile lifti ya chuma ya wachimbaji wa makaa ya mawe, siku hizi imewekwa kilimani juu ya bahari.

Kwanza jina. Kwenye simu andika Easington Colliery, maneno yote mawili, maana Easington ziko kibao. Mi mara ya kwanza niliandika Easington tu, ramani ikanipeleka njia ya Yorkshire, na wenzangu niliokuwa nao kwenye gari wananicheka mpaka leo. Hata hapo Durham kwenyewe kuna Easington Village, ya zamani, iko juu kidogo, alafu ukishuka kuelekea baharini ndo unaikuta Colliery, kijiji kilichozaliwa na mgodi. Shimo walianza kulichimba 1899 ila maji yakawasumbua sana, makaa ya kwanza hayakutoka mpaka 1910.

Kama huna gari, panda treni ya pwani kutoka Newcastle, inapita Sunderland na Seaham, wewe shuka Horden, stesheni mpya tu ya 2020. Hapo unatembea kuelekea kaskazini kwa njia ya pwani, kama saa moja hivi kwa mwendo wa kuangalia angalia. Ratiba ya kurudi iangalie kabla hujatoka nyumbani.

Sasa ushauri wangu mkubwa: usianzie kwenye kizimba. Wengi wanafanya hivyo, wanapanda kilimani, wanapiga selfie na ile chuma, wanaondoka hawajui wameona nini. Anzia ndani ya kijiji, kwenye ile bustani yenye miti ya ukumbusho, miti 83, kila mmoja kwa mtu mmoja. Itembelee taratibu uihesabu. Mi nilifika arobaini na kitu hesabu ikanipotea, nikaona niendelee tu.

Ni hivi. Tarehe 29 Mei 1951, alfajiri saa kumi na nusu hivi, zamu mbili zilikuwa zinapokezana huko chini, yaani watu walikuwa mara mbili ya kawaida. Meno ya mashine ya kukatia makaa yakagonga mawe yenye madini ya pairaiti, zikatoka cheche, zikakuta gesi ya methani. Gesi ililipuka, alafu vumbi la makaa lililokuwa limetanda kwenye njia za chini likashika na kuusafirisha mlipuko mbali kabisa na pale ulipoanzia. Wachimbaji 81 wakafa, na waokoaji wawili walioshuka kuwatafuta nao wakafa hukohuko. Wengi wamezikwa pamoja kwenye makaburi ya kijiji, kama una muda pita na huko, ila nenda kwa adabu, bado kuna familia zinakuja kuweka maua.

Ukitoka hapo shika Seaside Lane, ndo barabara kuu ya kijiji, iteremke moja kwa moja kuelekea baharini. Mgodi ulifungwa 1993, na pale palipokuwa na minara, mashine na vifusi sa hivi ni nyasi, maua na ndege, hifadhi kabisa. Kizimba utakiona kiko juu, kimesimama peke yake na bahari nyuma yake, na ndo lifti yenyewe iliyokuwa inawashusha watu shimoni. Kisogelee. Angalia upana wake alafu fikiria umebanwa mle na wanaume wenzako, bega kwa bega, giza, mnashuka mkafanye kazi chini ya hiyo bahari unayoiona, maana makaa yalikuwa yanafuatwa mpaka huko. Ndo maana nimesema uanzie kwenye miti.

Upepo wa pale hauna mchezo, beba koti hata kama ni Julai. Ukienda Juni au Julai angalia chini kwenye maua madogo ya njano, kuna kipepeo wa kahawia, mdogo kama kucha ya kidole gumba, ana vidoa vya rangi ya machungwa kwenye kingo za mabawa. Wenyeji wanamwita Durham argus na wanajivunia naye kweli kweli.

Ufukweni shuka kwa njia iliyowekwa tu, reli inapita kati ya hapo na bahari, usiikatize. Miaka mingi uchafu wa migodi ulikuwa unamwagwa baharini, fukwe zikawa nyeusi tii, mpaka kati ya 1997 na 2002 ndo wakatumia kama pauni milioni 10 kuisafisha pwani hii. Haikuisha yote. Mabaki mengine bado yanaliwa na mawimbi, kwa hiyo usikae chini ya majabali, yanamomonyoka, na angalia maji kama yanajaa au yanakupwa.

Ukifika nyumbani viatu vulia nje mlangoni, ule weusi ukishakanyagwa kwenye zulia hautoki.