Pirueti ya kwanza: jifunze kusimama kabla hujazunguka

Wengi wanaoanza baleti wakiwa watu wazima, hata wale wanaotoka kwenye hip-hop au salsa, wakishajua kukunja magoti tu wanataka kuzunguka. Nawaelewa kabisa, maana hata mimi pirueti ndo ilinivuta. Ila kwa miaka niliyocheza na kufundisha nimejiridhisha na kitu kimoja: pirueti ni kusimama kwa mguu mmoja ukiwa juu ya vidole, halafu mzunguko unaongezewa hapo kidogo tu. Kama pale juu huwezi kukaa sekunde 3 bila kushika kitu, hakuna nguvu ya mikono itakayokusaidia, utazunguka huku unaanguka.

Nitaeleza ya kuzungukia kulia, yaani unasimamia mguu wa kushoto, wa kulia ndo unaopanda. Ya upande wa pili geuza kila kitu.

Hatua ya 1: sakafu na viatu

Mbao ni nzuri, au ile vinyl ya kuchezea. Zege tupu achana nalo, halinyumbuki hata kidogo kwa hiyo mshtuko wote unarudi kwenye magoti na kiuno. Kapeti nayo hapana, unyayo unang'ang'ania chini wakati mwili umeshaenda na linalosokotwa hapo katikati ni goti. Viatu viwe vya baleti vile laini vya kitambaa au ngozi, vyenye ncha ngumu havihusiki kabisa kwenye somo hili. Pasha mwili joto kwanza, dakika 15 hivi.

Hatua ya 2: geuza miguu kutokea nyonga

Kila mtu ameshaona wacheza baleti vidole vinatazama pembeni, basi anasimama anavifungua kwa nguvu, visigino vinakutana, anaona tayari. Sasa jiangalie magoti. Yakiwa yanatazama mbele wakati vidole viko pembeni ujue unalisokota goti, na goti halikuumbwa kwa kazi hiyo. Kinachozunguka ni mfupa wa paja ndani ya nyonga. Kaza misuli ya chini ya makalio, sikia paja linageuka nje, halafu unyayo ufuate pale paja lilipofikia, hata kama ni kidogo. Kipimo changu ni rahisi, kunja magoti taratibu (hiyo ndo plie) uone kama goti linashuka juu ya vidole vyake au linaangukia ndani. Linaangukia ndani? Punguza kufungua. Kila mtu na nyonga yake, ukifungua kidogo kwa usahihi utazunguka, ukifungua sana kwa uongo utaumia.

Hatua ya 3: kusimama pale juu

Hapa kaa, hata wiki 3, hata zaidi. Shika fimbo ya ukutani au kiti kizito, panda releve kwa mguu wa kushoto, yaani kisigino kinaondoka chini mpaka unabaki kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, vidole vyote vitano vimetandazwa sakafuni. Mguu wa kulia unaupandisha mpaka ncha ya kidole iguse chini kidogo ya goti la kushoto, goti la kulia linatazama pembeni, hiyo tunaita pase. Sasa kuna vitu ambavyo macho ya haraka hayavioni.

Cha kwanza ni kifundo cha mguu. Uzito ukikimbilia upande wa kidole kidogo kifundo kinapinda nje, na hapo ndo watu wanateguka. Uzito ukae juu ya kidole gumba na cha pili. Halafu nyonga ya kulia, ile ya mguu uliopanda, inapenda kupanda na mguu. Weka vidole vya mikono kwenye mifupa miwili ya mbele ya nyonga, panda, sikia kama mmoja umeenda juu kuliko mwenzake, shuka, rudia, mpaka ibaki sawa. Mwisho mbavu, zikifunguka mbele mgongo unajikunja na uzito unarudi nyuma kimyakimya bila wewe kujua.

Ukiona umekaa sawa achia mkono, usiukunjue kwa kishindo, uache tu uelee juu ya fimbo. Hesabu. Siku utakayofika 8 bila kifundo kutikisika utajua mwenyewe, kunakuwa na utulivu fulani pale juu, kama kitu kimefungwa mahali pake. Huo utulivu ndo ninaoupenda kuliko mizunguko yote.

Hatua ya 4: maandalizi

Simama mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, katikati kuna nafasi ya kama unyayo mmoja. Kunja goti. Hapa shule zinatofautiana, nyingi wanakunja yote mawili, ile njia ya mtunzi wa baleti George Balanchine kule Marekani mguu wa nyuma unanyooka. Anayeanza akunje yote mawili ila uzito uwe zaidi mguu wa mbele, maana huo ndo utakaobaki nao na safari ya kuufikia inakuwa fupi.

Plie ndo injini. Mwaka 1895 St. Petersburg, mcheza baleti Pierina Legnani alifanya fuete (mizunguko ya mguu mmoja huku mwingine unachapa hewani) 32 mfululizo kwenye baleti ya Swan Lake na mpaka leo wacheza wanapimwa kwa hiyo namba, lakini waangalie vizuri wanaozifanya, kila mzunguko kisigino kinashuka, goti linakunjwa, ndo anapanda tena. Nguvu inatoka sakafuni kila mara.

Hatua ya 5: mikono

Wa kulia uko mbele umejipinda, wa kushoto pembeni. Unapopanda, wa kulia unafunguka kidogo kuelekea kulia na wa kushoto unakuja haraka kuukuta mbele ya tumbo. Basi. Usivute bega nyuma kujikusanyia nguvu kama unataka kurusha jiwe, ukifanya hivyo mgongo unasokotwa kabla hata hujaondoka chini. Mikono ikikaribia mwili mzunguko unaongeza kasi, ikibaki mbali unazubaa, kwa hiyo kazi yake ni kufunga kwa wakati.

Hatua ya 6: kichwa

Bandika kipande cha tepu ukutani usawa wa macho. Mwili unaanza kuzunguka, macho yanabaki kwenye tepu mpaka shingo ishindwe, halafu kichwa kinageuka haraka kinarudi kwenye tepu kabla ya mabega. Tunaita kuspoti. Kizunguzungu kinatokana na majimaji ya ndani ya sikio kuendelea kutembea hata ukishasimama, macho yakiwa na sehemu ya kushika ubongo haupotei sana. (Masufi wa Mevlevi wa Uturuki wanazunguka muda mrefu bila kuspoti, lakini hiyo ni ibada yenye mafunzo yake.) Anza kwa hatua ndogondogo, miguu yote chini, mikono mabegani, taratibu sana, kidevu kisipande wala kuinama.

Hatua ya 7: unganisha

Robo kwanza. Plie, panda moja kwa moja kwenye pase, geuka robo tu, kaa juu, shuka. Pase ifike mapema, mguu usije ukapanda huku tayari unazunguka. Robo zikiwa safi nenda nusu, halafu mzima. Kumaliza, shusha mguu wa kulia nyuma kwenye plie, sikiliza sakafu, ukisikia puu ujue umeanguka, kushuka kwenyewe hakuna kelele.

Ukianguka usikasirike, angalia umeangukia wapi. Nyuma, mbavu zilifunguka au kichwa kilirushwa. Upande wa mguu uliopanda, uzito haukufika wote kushoto. Ukarukaruka kutafuta pa kusimama, kisigino kilishuka katikati. Ukaishia nusu, mara nyingi goti la kulia lilikuja mbele au mkono wa kushoto ulichelewa. Rekebisha kimoja tu, jaribu tena, mara 10 hivi kila upande zinatosha kwa siku, zaidi ya hapo kifundo kinachoka na unaanza kuufundisha mwili makosa. Na upande wako mbovu uanze nao, ukiwa bado na nguvu.