Familia iliyohamia Mwanza isaidieje hospitali ya jirani

Mliotoka Bukavu, Bujumbura, Gujarat au Sana'a mkaweka makazi Mwanza, mkitaka kuishika mkono hospitali inayowatibu, safari ianzie kwa mganga mfawidhi na duka la vifaa lisubiri. Mwandikieni barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: mnaishi mtaa gani, bajeti yenu ni kiasi gani, na mnaomba orodha ya upungufu kuanzia ulio wa haraka zaidi. Kama kituo ni cha halmashauri, nakala iende kwa mganga mkuu wa halmashauri. Ambatanisheni kibali cha ukaazi, maana swali la "hawa ni nani" litakuja tu. Hospitali za Bugando na Sekou Toure ni majina makubwa, na majina makubwa huvuta wafadhili. Laki tano huonekana zaidi kwenye kituo cha afya cha kata.

Mara nyingi kwenye orodha mtakuta mashuka. Hesabu ni matatu kwa kila kitanda: moja limetandikwa, moja liko kwa dobi, moja rafuni. Vitanda 20 vinataka mashuka 60. Kitambaa kiwe na upana wa mita 1.5, na kila shuka likatwe mita 2.6, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa na pindo nalo linakula. Jora la mita 30 hutoa mashuka 11, kwa hiyo nunueni majora sita, yatabaki sita ya akiba. Polista tupu msinunue: hainyonyi jasho, na mgonjwa mwenye homa hulala kama amefunikwa nailoni. Rangi iwe nyepesi. Mashuka ya wodi hulowekwa kwenye Jik (ile ya 3.5%, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita), na bluu iliyokolea hupauka vibaya. Fundi ashone pindo mara mbili, kisha jina la kituo lipigwe chapa kwenye kona kwa wino usiotoka. Shuka lisilo na chapa lina miguu.

Damu haiwagharimu chochote ila asubuhi moja, na ukanda huu unaihitaji mno: malaria huwamaliza watoto damu, na selimundu ni nyingi Kanda ya Ziwa. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kuleni kwanza, mnywe maji ya kutosha. Ugeni si kikwazo. Kinachoangaliwa ni afya. Mkiwa kundi, la kanisani, msikitini au hekaluni, ongeeni mapema na kituo cha damu salama cha kanda hapa Mwanza watume timu. Pangeni iwe Juni au Desemba. Wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, shule zikifungwa akiba hushuka, na chupa ya damu haikai zaidi ya siku 35 kwenye jokofu, kwa hiyo ya Oktoba haiwezi kuokoa mtu wa Krismasi.

Mashine ndipo pesa nyingi hupotea. Ndugu aliye Marekani au Kanada anaona mashine ya oksijeni iliyotumika, anainunua kwa moyo mweupe, inafika ni ya volti 110. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ikichomekwa hivyo, inaungua. Vifaa tiba vya kutoka nje pia vinahitaji kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), kiombwe kabla mzigo haujapakiwa. Sisi tungesema nunueni hapahapa nchini, kwa muuzaji mwenye fundi na vipuri.

Pamoja na mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika, nunueni stabilaiza isiyopungua VA 1000, machujio ya akiba, na kipimo cha usafi wa oksijeni. Hicho kipimo watu hukiruka, na ndicho cha muhimu. Ndani ya mashine kuna chembechembe za zeolaiti zinazonyonya naitrojeni. Zikiingiwa na unyevu, nguvu zinaisha. Mashine iliyofungiwa stoo miezi kadhaa karibu na ziwa itawaka, itanguruma, kigololi cha kuonyesha mtiririko kitapanda hadi lita 5, huku hewa inayotoka ina oksijeni chini ya 82%, na muuguzi hana namna ya kujua. Iwashwe walau mara moja kwa mwezi hata kama hakuna mgonjwa. Chujio la sponji lioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, likauke kabisa ndipo lirudishwe.

Mkitaka kumlipia mgonjwa asiyejiweza, piteni kwa afisa ustawi wa jamii. Anajua nani anastahili msamaha na nani amekwama kweli. Lipeni kwa kumbukumbu namba ya bili husika, kamwe si taslimu mkononi mwa mhudumu, hata awe jirani.

Siku ya makabidhiano, kila kitu kiingizwe kwenye leja ya stoo mkiwa palepale, na hati isainiwe na mganga mfawidhi na mtunza stoo. Nakala moja mbaki nayo. Kama mzigo unaenda Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 lori linapita moja kwa moja. Wa Nansio, kisiwani Ukerewe, bado unapanda meli: mashine isimame wima, ifungwe turubai, na mtu wenu asafiri nayo.