Kutoa upepo na kuwasha upya injini ya Massey Ferguson 135 baada ya kufungua mfumo wa dizeli

Injini ya Perkins ya silinda 3 iliyomo katika matrekta ya Massey Ferguson 135 haiwaki baada ya kubadilishiwa filta, kufunguliwa paipu au kurudishiwa pampu, mpaka upepo ulioingia wakati wa kazi hiyo utolewe. Dizeli haibanwi ikapungua, lakini upepo hubanwa. Kwa hiyo kiputo kikibaki ndani ya pampu ya CAV (pampu kubwa inayosukuma dizeli kwa nguvu) au katika paipu ya nozeli, yaani kipulizio cha dizeli ndani ya silinda, nguvu yote ya pampu huishia kukibana, na nozeli haifunguki. Wengi hujibu hali hiyo kwa kuendelea kupiga starta. Matokeo yake betri huisha, starta hupata moto, na pampu, ambayo hulainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake, huzungushwa ikiwa kavu.

Anza kwa kujaza tenki angalau nusu, kufungua koki yake, na kuhakikisha kwamba tundu la kupumulia kwenye kifuniko halijaziba. Safisha kwa brashi sehemu zote utakazofungua, kwa sababu punje ya mchanga inayoingia baada ya filta huharibu zaidi kuliko upepo wenyewe. Gia iwe huru, breki ya kuegesha iwe imefungwa, na kizimio kiwe kimerudishwa ndani; nimewahi kuona mafundi wawili wakihangaika asubuhi nzima na trekta ambalo kizimio chake kilikuwa bado kimevutwa.

Legeza sasa skrubu 3 za kutolea upepo: ya juu ya kichwa cha filta, ya ubavuni mwa pampu kubwa, na ya juu ya kifuniko cha gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) kwenye pampu hiyohiyo. Kisha shika mkono mdogo ulio kwenye pampu ya kuvutia mafuta, ubavuni mwa injini, uanze kupampia taratibu. Ukiuona mkono huo haukazi na hausukumi kitu, usiamini haraka kwamba pampu imekufa. Mara nyingi kemu, yaani nundu ya shafti inayoiendesha, imesimama mahali ilipoinuka kabisa; izungushe injini mzunguko mmoja, kisha ujaribu tena.

Dizeli itatoka kwanza na povu, kisha na viputo vikubwa vya hapa na pale, na hatimaye itatiririka ikiwa safi. Funga skrubu ya filta kwanza, halafu ya ubavuni mwa pampu, na ya gavana iwe ya mwisho, huku ukiendelea kupampia. Mpangilio huu unafuata njia ya mafuta, na anayeuruka husukuma upepo wa nyuma kuelekea mahali alipokwisha kupasafisha. Usifunge skrubu kwa kuwa tu dizeli imeonekana. Subiri viputo viishe, hata kama mkono umechoka. Baada ya hapo, legeza nati ya paipu inayoingiza mafuta katika pampu kubwa, pampia mpaka viputo viishe, uikaze.

Zinabaki paipu za nozeli, ambazo haziwezi kujazwa kwa mkono. Legeza nati za paipu 2 upande wa nozeli, sogeza mkono wa kuongezea mafuta mpaka mwisho, kisha piga starta kwa sekunde zisizozidi 15, uipumzishe nusu dakika au zaidi, na urudie hadi dizeli isiyo na viputo itoke kwenye paipu zote mbili. Weka kitambaa juu ya nati, lakini usizipapase kwa kidole wakati injini inazunguka: dizeli yenye shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha lake, hata likionekana dogo, ni la kupelekwa hospitali mara moja.

Kaza nati, kisha washa. Moshi mweupe ukitoka huku injini haijashika, ni dalili njema, kwani dizeli inafika ndani ya silinda; moshi usipotoka kabisa, rudi kwenye filta. Usipulizie etha wala usiweke kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa, hasa kama injini ina kipasha joto cha Thermostart, ambacho huwasha mwali humohumo. Kama pampu ilifunguliwa, mtu mmoja asimame tayari na ubao bapa wa kuziba njia ya hewa, iwapo gavana imekwama na injini ikapanda kasi bila kuzuilika.

Injini ikishika, itagonga na kutikisika kwa muda mfupi. Iache katika mwendo wa chini. Silinda moja ikiendelea kukosa kuwaka, legeza kidogo nati ya nozeli moja baada ya nyingine, kwa uangalifu uleule: ile ambayo mlio haubadiliki ukiilegeza ndiyo ya silinda isiyofanya kazi. Ikiwaka kisha ikazima baada ya dakika chache, kagua viungo vilivyo kati ya tenki na pampu ya kuvutia, kwa maana huko upepo hufyonzwa bila tone kuonekana, ilhali baada ya pampu hiyo kiungo kibovu huvujisha dizeli nje. Mara nyingi kasoro huwa ni oringi ya filta iliyokaa vibaya, na si pampu kubwa ambayo watu hukimbilia kuishusha.

Zima injini, kagua viungo vyote kwa tochi, kisha chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikiwa kimepanda na oili ikinuka dizeli, huenda ngozi ya ndani (daiframu) ya pampu ya kuvutia imepasuka, na trekta lisifanye kazi kabla kasoro hiyo haijarekebishwa na oili haijabadilishwa.