Jinsi ya Kusoma Shahada ya Uzamili ya Fedha kwa Njia ya Utafiti

Kabla ya kujaza fomu ya maombi, tafuta swali linaloweza kujibiwa kwa data unayoweza kuipata, kwa kuwa shahada ya namna hii hupimwa hasa kwa tasnifu. "Athari za riba kwa uchumi" ni mada pana mno. Lakini kuuliza iwapo bei za hisa za benki hubadilika katika siku 3 zinazozunguka tangazo la riba ya benki kuu ni swali lenye mipaka.

Msimamizi mchague kwa makala alizochapisha, kisha umwandikie pendekezo fupi lenye swali, data na mbinu.

Kwenye data ndiko wengi huteleza, na hapa naomba uwe makini sana. Ukichukua kampuni zilizopo sokoni leo pekee na kuzifuatilia miaka 10 nyuma, utakuwa umeziacha zilizofilisika njiani, na faida utakayoikokotoa huenda ikaonekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo orodha yako ianze na kampuni zote zilizokuwepo mwaka wa kwanza. Jifunze mapema programu ya kuchanganua takwimu, R au Stata, na uhifadhi kila amri uliyoitumia, maana mtahini anaweza kukuuliza namba yoyote ilikotoka.