Kupata 50 Hz isiyoyumba kwa chipu ya 555

Inverta (mashine ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa 220 V) niliyomjengea mama mmoja mshonaji, jirani yangu hapa Goma, asubuhi ilitoa 50 Hz sawasawa, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Saa nane mchana, jua limewaka juu ya mabati, akaniita: transfoma inanguruma na huwezi kuishika kwa moto. Nikapima, 46 Hz. Transfoma iliyosukwa kwa 50 Hz ukiishushia frikwensi, chuma chake kinashiba sumaku na mkondo unapanda bure. Kosa lilikuwa langu: nilitumia kondansateri ya elektrolitiki ya 1 µF, tena nimeibana karibu na bati la kupozea transista.

555, chipu inayotoa mapigo ya kuendesha inverta, yenyewe haina frikwensi. Inachungulia tu kondansateri: ikijaa hadi theluthi mbili ya volti inayolisha chipu inaimwaga, ikishuka hadi theluthi moja inaijaza tena. Kwa kuwa mipaka hiyo inapanda na kushuka pamoja na volti, betri ikilegea kidogo frikwensi haisogei sana. Anayeshika saa ni rezista na kondansateri. Pesa yako iweke hapo.

Mimi huiacha 555 itoe 100 Hz, kisha CD4013, chipu ya flip-flop, inagawa kwa mbili. Unapata 50 Hz yenye nusu mbili zilizo sawa kabisa, na transfoma inataka hivyo. Hesabu: frikwensi ni 1.44 gawanya kwa (R1 + 2R2) mara C; R1 na R2 ni rezista, C ni kondansateri. Kwa C ya 100 nF, jumla ya R1 + 2R2 inatakiwa iwe 144k. R1 weka 10k, kutoka mguu wa 8 hadi wa 7. R2, kutoka wa 7 hadi wa 6, iwe 56k ikifuatana na trima (rezista ya kurekebisha) ya 20k ya kuzungusha mara nyingi. Utatulia karibu na 11k. Mguu wa 6 na wa 2 unganisha, na hapo kondansateri iende ardhini. Mguu wa 4 upeleke kwenye wa 8.

Sasa kondansateri. Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, utapewa kidonge cha seramiki cha rangi ya udongo kilichoandikwa 104, na utapewa cha filamu kilichoandikwa 104J. Namba ni ileile lakini tabia ni mbali. Fanya jaribio hili: mita iko kwenye Hz, sogeza chuma cha kulehemia sentimita moja kutoka kwenye kidonge, bila kukigusa. Mimi nilitazama 100 ikiwa 103, 107, 112, na nilipoondoa chuma ikarudi polepole. Filamu ya polyester ilisogea kidogo sana. Ya polypropylene ni bora zaidi. Nyingi nazing'oa kwenye televisheni za zamani zilizokufa, ninazipima kwanza.

Rezista ziwe za filamu ya metali, zile za asilimia 1 zenye mistari mitano. Za kaboni zinabadilika zaidi na joto.

Kisha mambo ambayo watu huyaruka. Mguu wa 5 uende ardhini kwa 10 nF, la sivyo kelele za transista zitaingia humo na kusogeza mipaka. Kati ya mguu wa 8 na wa 1, pachika 100 nF ikigusa miguu yenyewe, na pembeni yake 100 µF, kwa sababu kila 555 inapogeuka inavuta mkondo mkali wa ghafla. Lisha chipu zote mbili kwa 7809, chipu ya kutuliza volti ziwe 9, siyo moja kwa moja kutoka betri inayolisha transista.

Usirekebishe trima mashine ikiwa baridi. Funga kasha, iache ifanye kazi dakika kumi, ndipo uzungushe. Pima kwenye mguu wa kutokea wa 4013, maana mita ukiigusisha kwenye mguu wa 2 au wa 6 inaongeza mzigo wake kwenye hesabu. Upande wa 220 V usiuguse mkono ukiwa unapima. Ukishapata 50, ziba trima kwa tone la rangi ya kucha.

Ukitaka saa ya kuhesabu masaa, 555 haifai hata ukiipamba vipi. Chukua kristali ya 32,768 Hz na chipu ya kugawa ya CD4060: inagawa kwa 16,384 na kukupa 2 Hz kamili.